UZI: Kujenga mfumo wa kufuatilia sauti na mitetemo maabara. Anza na kifaa kinachoumia, kihisi kije baadaye

SakafuTulivu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Swali hili linarudi mara kwa mara: "Nataka kufunga vihisi vya sauti na mitetemo kwenye maabara, ninunue kipi?" Majibu yanayofuata huwa ni orodha ya vihisi, kila mtu anatetea cha kwake. Kazi hii ndiyo ninayoifanya, na kwa maoni yangu swali hilo linaanzia mkiani. Nimeleta uzi huu tuanzie kichwani, na wenye uzoefu wajazie.

Mtafiti ambaye data yake imeharibika anataka kujua kitu kimoja tu: kasoro iko kwenye sampuli, kwenye mashine, au kwenye jengo? Mfumo wa ufuatiliaji upo ili ajibiwe. Kama hauwezi kumjibu, dashibodi yake hata ikipendeza vipi ni pambo la ukutani. Kihisi gani, kifungwe wapi, saa isawazishwe vipi, data ipi itunzwe na ipi itupwe, yote hayo yanaamuliwa na swali la huyo mtafiti.

Shida yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1881 Albert Michelson alijaribu kipimo chake cha mwanga akiwa Berlin, mitetemo ya barabarani ikamshinda, akakihamishia kwenye kituo cha unajimu cha Potsdam. Aliporudia jaribio hilo na Edward Morley huko Cleveland mwaka 1887, vioo vilikaa juu ya bamba zito la jiwe lililoelea kwenye zebaki. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wa IBM kule Zürich walikuwa wanapambana na adui yuleyule. Kwenye hadubini yao, ncha ya chuma inakaribia sampuli hadi chini ya nanomita moja, na mkondo wa umeme kati ya viwili hivyo hubadilika takribani mara kumi kwa kila nanomita 0.1. Hatua ya mtu korido inatosha kuzamisha kipimo chote.

Kwa hiyo swali la kwanza: kifaa chako kinavumilia kiasi gani? Wahandisi wa majengo ya utafiti wanatumia mikondo ya VC (vikomo vya mtetemo kwa vifaa nyeti), iliyoanzishwa miaka ya 1980 na Eric Ungar na Colin Gordon. Inapimwa kwa kasi ya mtetemo, mzizi wa wastani wa miraba (RMS), ndani ya kila theluthi ya oktava, yaani bendi nyembamba ya masafa. VC-A ni mikromita 50 kwa sekunde, VC-B ni 25, VC-C ni 12.5, VC-D karibu 6, VC-E karibu 3. Sakafu ya ofisi ya kawaida inaruhusiwa hadi 400, na chumba cha upasuaji 100. Mizani nyeti na hadubini za mwanga za ukuzaji wa kawaida zinaridhika na VC-A. Hadubini nyingi za elektroni zinahitaji VC-D au chini yake.

Tazameni pengo lililopo hapo. Mguu wa binadamu unaanza kuhisi sakafu ikitetemeka kwenye mamia ya mikromita kwa sekunde, huko karibu na 100 hadi 200. Mtu akisema "hapa pametulia kabisa, sihisi kitu", hajasema lolote kuhusu hadubini iliyo mbele yake.

Mwongozo wa mtengenezaji wa kifaa huwa na kikomo chake, na hicho ndicho kinatangulia mikondo yote ya VC. Kisome vizuri. Wengine wanaandika mchapuko, wengine kasi, wengine umbali, wengine kilele badala ya wastani, na wengi wanatoa kikomo tofauti kwa kila masafa. Badilisha vyote viwe kipimo kimoja kabla hujagusa kihisi.

Nikirudi nitaeleza hesabu ya kihisi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

---

mwana_elektroniki

Mkuu, uzi mzuri, ila nina swali. Akselerometa za chipu (vihisi vya mchapuko) siku hizi ni ndogo, zinatumia umeme kidogo na zinaingia moja kwa moja kwenye bodi ndogo ya kompyuta. Mimi nimefunga chache, grafu inaonekana safi kabisa. Kwa nini tuhangaike na jiofoni (vihisi vya kasi ya mtetemo) na vikuza mawimbi?

---

SakafuTulivu

Ndugu yangu, swali lako linastahili hesabu kamili, twende taratibu.

Chukua akselerometa ya chipu iliyo nzuri katika kundi lake, yenye kelele ya ndani ya mikro-g 25 kwa mzizi wa hezi (g ni mchapuko wa uvutano wa dunia). Theluthi ya oktava yenye kitovu cha 10 Hz ina upana wa karibu 2.3 Hz. Mzizi wa 2.3 ni 1.5, kwa hiyo ndani ya bendi hiyo chipu yenyewe inatoa kelele ya karibu mikro-g 38, sawa na mita 0.00037 kwa sekunde mraba. Kuipata kasi, gawa kwa 2π mara 10. Jibu ni mikromita 5.9 kwa sekunde.

Yaani kwenye 10 Hz kelele ya chipu peke yake inakaribia kikomo cha VC-D, na ni mara mbili ya VC-E. Ukishuka hadi 1 Hz, hesabu ileile inatoa karibu mikromita 19 kwa sekunde. Grafu yako inaonekana safi kwa sababu inaonyesha kelele ya chipu, na kelele ya chipu huwa imetulia sana! Jengo linaweza kutikisika vibaya chini ya mstari huo na wewe usione kitu.

Sisemi chipu hazina kazi. Kwenye mwili wa pampu, kwenye kompresa, kwenye fremu ya feni, mitetemo ni mikubwa na chipu inatosha kabisa. Nazifunga huko kwa moyo mweupe, kazi yao ni kutuambia mashine ipi imewaka saa ngapi. Ila sakafu ya hadubini siiachii chipu.

Jiofoni ya kawaida ya 4.5 Hz inatoa takribani volti 28.8 kwa kila mita kwa sekunde. Haihitaji umeme, ni sumaku na koili tu. Kwa mtetemo wa mikromita 3 kwa sekunde unapata karibu mikrovolti 86. Sasa, kigeuzi (kinachobadilisha volti kuwa namba) cha biti 16 chenye upana wa volti 5 kina ngazi ya mikrovolti 76. Ishara yako yote ya VC-E ni ngazi moja! Kwa hiyo ama uweke kikuza mawimbi chenye kelele ndogo mbele yake, ama utumie kigeuzi cha biti 24, na bora vyote viwili. Chini ya 4.5 Hz jiofoni inapoteza nguvu haraka. Unaweza kuirekebisha kwa programu hadi karibu 1 Hz, lakini kelele nayo inakuzwa pamoja na ishara. Anayehitaji chini ya hapo atafute akselerometa ya piezo ya daraja la mitetemo ya ardhi, ile ya volti 10 kwa g, au seismometa kamili.

Kitu kingine: vipo vifaa vya tayari vinavyochukua sampuli 100 kwa sekunde. Hivyo haviwezi kuona chochote juu ya 50 Hz, na mikondo ya VC inakwenda hadi 80 Hz. Mimi nachukua sampuli 1,000 kwa sekunde, na kichujio cha kweli cha umeme kinakaa kabla ya kigeuzi. Masafa ya juu yakishapenya na kujikunja chini, yakajifanya masafa ya chini, hakuna programu itakayoyatoa.

---

DadaWaHadubini

Asante mleta uzi. Mimi ni mtumiaji, siyo mhandisi. Kwenye hadubini yetu ya elektroni kingo za picha zinatoka na meno kama ya msumeno, lakini si kila siku. Fundi wa mashine anasema ni jengo, watu wa jengo wanasema ni mashine. Nitajuaje?

---

SakafuTulivu

Dada, picha yako yenyewe ni kihisi. Angalia muda wa kuchora mstari mmoja, mara nyingi umeandikwa kwenye mipangilio. Tuseme ni milisekunde 5. Kisha hesabu jino moja linarudi baada ya mistari mingapi. Ikiwa ni mistari 8, mzunguko ni milisekunde 40, yaani 25 Hz. Badilisha kasi ya uchoraji na uhesabu tena. Masafa yakibaki palepale, kuna kitu halisi kinachotikisa au kinachosukuma miale.

Sasa 25 Hz inanuka mota. Kwenye umeme wa 50 Hz, mota ya kawaida ya ncha nne inazunguka karibu mara 1,480 kwa dakika, nayo ni 24.7 Hz. Feni, pampu ya maji baridi, pampu ya vakyumu, zote zimo humo. Kwenye umeme wa 60 Hz itegemee karibu na 29. Ndiyo maana ufuatiliaji wa kudumu una thamani: feni inayowashwa na kidhibiti joto haitakusubiri mpaka mkaguzi aje na sanduku lake. Nimewahi kufuatilia meno ya aina hiyohiyo, na kilichotoa jibu ni chipu ndogo iliyogandishwa kwenye feni ya paa: kila feni ilipowaka, mstari uleule ulitokea kwenye sakafu ya hadubini ndani ya sekunde chache. Mabishano yakaisha siku hiyohiyo, wakabadilisha vishikizo vya mpira vya ile feni.

Ukipata 50 Hz kamili, shuku umeme kwanza. Koili ya jiofoni inapokea uga wa sumaku kama kawaida, na nyaya zenye mzunguko wa ardhi zinaingiza mlio huohuo. Transfoma ikitetemeka kweli, hutetemeka kwa 100 Hz, mara mbili ya umeme wake. Jaribio rahisi: chomoa kihisi, weka kipingamizi chenye ukinzani sawa na wa koili mahali pake. Mstari wa 50 ukibaki, unatoka kwenye nyaya au kikuza mawimbi. Ukitoweka, bado usiseme ni sakafu, kwa sababu koili nayo imeondoka. Rudisha jiofoni, ilaze juu ya sponji laini palepale ilipokuwa. Sponji inazuia mtetemo, haizuii sumaku.

Na sumaku hiyohiyo inapinda miale ya elektroni. Kwa hiyo chumba cha hadubini ya elektroni kiwe na kipima uga wa sumaku pia, kwenye saa moja na vihisi vingine.

---

Kigezo

Naomba kuongezea kuhusu saa, mleta uzi amegusia tu. Ukitaka kusema "mtetemo huu ulitoka kule ukafika hapa", vihisi viwili lazima vikubaliane saa. Kosa la milisekunde 1 kwenye 100 Hz ni nyuzi 36 za awamu. Saa ya mtandao ya NTP inatosha kulinganisha matukio ya sekunde, kama feni kuwaka. Kwa koherensi (kipimo cha jinsi ishara mbili zinavyokwenda pamoja kwenye kila masafa) kati ya sakafu na mashine, vihisi viingie kwenye kigeuzi kimoja, au tumia PTP (saa ya mtandao iliyo sahihi kuliko NTP), au mpigo wa sekunde wa GPS.

---

SakafuTulivu

Umenena vyema, Mkuu Kigezo. Nami nafuata hivyo: vihisi vyote vya chumba kimoja kwenye kigeuzi kimoja, vyumba kwa vyumba vinaunganishwa kwa PTP.

Sasa niingie kwenye sauti, maana watu wengi wanaisahau. Hadubini hupokea usumbufu kupitia sakafu na kupitia hewa. Hewa inayosukumwa na kiyoyozi inapiga kuta za mashine moja kwa moja, na meza ya kuelea, ile inayokaa juu ya vishikizo vya hewa, haisaidii chochote hapo. Ili kujua njia ipi, weka akselerometa kwenye mwili wa mashine, jiofoni sakafuni, maikrofoni hewani, kisha pima koherensi ya jozi mbili: sakafu na mashine, hewa na mashine. Masafa yenye koherensi kubwa na maikrofoni lakini ndogo na sakafu yanakuja kwa hewa. Hapo usipoteze fedha kwenye msingi wa zege.

Na jamani, tuache kupima maabara kwa dBA. Uzani wa A ulitengenezwa kufuata sikio la binadamu. Kwenye 50 Hz unakata desibeli 30, kwenye 20 Hz unakata 50. Masafa yanayoitesa hadubini ndiyo hayohayo yanayofutwa. Chumba kinaweza kusomeka 40 dBA, kila mtu akasifu utulivu wake, na huku kuna ngurumo ya 20 Hz isiyosikika inayoharibu kila picha. Pima bila uzani, kwa theluthi za oktava, na maikrofoni iwe imehakikishwa kwa kalibreta ya desibeli 94 kwenye 1 kHz, kabla na baada.

---

Mlezi_wa_Panya

Sisi tuna chumba cha panya wa utafiti. Mkaguzi alikuja na kipima sauti, akasema tuko sawa. Bado kuna rafu moja wanyama wake wana wasiwasi kuliko wengine. Mfumo kama huu unatusaidia?

---

SakafuTulivu

Unasaidia, ila maikrofoni si ileile. Panya mdogo wa maabara anasikia kuanzia karibu 1 kHz hadi 90 kHz na zaidi, sisi tunaishia 20. Kipima sauti cha mkaguzi kiliishia pale sikio letu linapoishia. Tafuta maikrofoni ya hadi 100 kHz na sampuli zaidi ya 200,000 kwa sekunde, kisha zunguka na rafu moja baada ya nyingine. Angalia kwanza dari: vipo vihisi vya kuwasha taa vinavyotuma sauti ya 25 hadi 40 kHz mfululizo, mchana na usiku. Halafu vifaa vya kubadilisha umeme vya taa na kompyuta, maji ya bomba yanayofoka, magurudumu ya toroli. Tafadhali lete majibu hapa ukipima, wanyama hao hawana namna ya kutuambia.

---

mwana_elektroniki

Nimekubali hesabu ya chipu. Swali la mwisho, data. Sampuli zote hizo tunaziweka wapi? Na kuna wenzangu hawataki maikrofoni maabara, wanasema watarekodiwa mazungumzo.

---

SakafuTulivu

Wenzako wana haki kabisa, na jibu la maswali yako yote mawili ni moja.

Jiofoni ya pande tatu, sampuli 1,000, baiti 3 kila sampuli, ni karibu megabaiti 780 kwa siku. Hiyo tunza yote, diski inaimudu. Maikrofoni ya sampuli 48,000 ni karibu gigabaiti 12.4 kwa siku, na ndani yake kuna sauti za watu. Kwa hiyo kokotoa palepale kwenye kifaa: bendi 31 za theluthi ya oktava kila sekunde, kisha sampuli ghafi zifutwe kwenye kumbukumbu bila kugusa diski. Kinachotoka hakifiki megabaiti 11 kwa siku, na hakuna mazungumzo yanayoweza kurudishwa kutoka humo. Ukihitaji mawimbi yenyewe kwa ajili ya koherensi, pitisha kichujio cha chini ya 100 Hz kwanza, maneno hayaeleweki tena. Waoneshe wenzako programu inavyofanya hivyo, iandikwe kwenye tangazo la mlangoni. Usiombe waamini tu.

Tahadhari moja kwenye bendi za chini za mitetemo: kwenye 1 Hz bendi ina upana wa 0.23 Hz tu, kwa hiyo thamani ya sekunde moja haina maana. Hapo wastani wa dakika moja na nusu ndiyo unaanza kutulia. Ripoti yako iwe na asilimia za muda: kiwango kinachozidiwa asilimia 10 ya muda, 50, na 90. Kilele peke yake kitakuonyesha mtu aliyeangusha kiti. Wastani peke yake utaficha lifti inayopita kila dakika chache.

Kengele za tahadhari ziwe chache. Nikiweka kikomo, nataka kivukwe kwa dakika kadhaa mfululizo ndipo ujumbe utoke, na uende kwa anayetumia mashine wakati huo. Ukituma kwa kila mtu kila mlango unapobamizwa, baada ya wiki hakuna anayesoma. Ninachopigania zaidi ni hiki: programu ya majaribio iandike kiwango cha mtetemo na sauti ndani ya faili lilelile la kipimo. Mtafiti akifungua data baada ya miezi, anakuta hali ya chumba imekaa pembeni ya kila picha.

Wenzetu wa LIGO, wanaopima mawimbi ya uvutano kwa mikono ya kilomita 4, wanafanya hivyo kwa kiwango kikubwa: maikrofoni, seismometa, akselerometa na vipima sumaku vinarekodiwa sambamba na kipimo chenyewe. Mwaka 2017 kule Hanford zilionekana ishara fupi za ajabu kwenye data. Maikrofoni ya mwisho wa mkono mmoja ilikuwa na milio ya kugonga kwa wakati uleule. Walipokwenda kutazama walikuta kunguru wakubwa wanadonoa barafu iliyoganda kwenye bomba, na alama za midomo zipo. Bila maikrofoni ile kwenye saa ileile, nani angemdhania kunguru?

---

Kigezo

Na ufungaji? Nimeona vihisi vimebandikwa juu ya zulia.

---

SakafuTulivu

Zulia hapana, na sakafu ya plastiki laini pia hapana. Kata kipande kidogo ufike kwenye zege, au tumia bamba zito la chuma lenye miguu mitatu yenye ncha inayopenya hadi chini. Miguu mitatu haiyumbi, minne huyumba. Kebo uibandike sakafuni karibu na kihisi, ikining'inia inavuta. Kihisi kikae pale miguu ya mashine inapokanyaga, kwa sababu katikati ya sakafu na kando ya nguzo ni sehemu mbili tofauti kabisa: sakafu za majengo zina mwitiko wake, mara nyingi kati ya 5 na 15 Hz, na katikati ndiko zinakocheza zaidi. Kama kuna meza ya kuelea, weka kihisi juu na chini yake. Vishikizo vya hewa vina resonansi karibu na 1 hadi 2 Hz, na hapo vinakuza mtetemo badala ya kuupunguza. Wenye sakafu inayoyumba polepole wanaweza kuwa wanajiumiza kwa meza waliyoinunua ili iwasaidie.

Na kabla hujafunga chochote, laza vihisi vyako viwili vya aina moja ubavu kwa ubavu kwenye bamba moja, usiku kucha, mahali palipotulia kuliko pote. Kinachofanana kwenye vyote viwili ni ardhi, kinachotofautiana ni kelele ya vifaa vyako. Chora tofauti hiyo kwenye grafu moja na kikomo cha mashine unayoilinda. Mstari wa kelele ukiwa chini ya kikomo kwa mara tatu au zaidi kwenye kila bendi, funga. Ukikaribiana nao, rudi kwenye kikuza mawimbi. Atakayefanya jaribio hili aiweke grafu hapa pamoja na jina la kihisi na kigeuzi alichotumia, tuisome wote.